Kona ya Mlevi

Mtaani kila mtu alimwita Fundi, hata wale aliowashonea sare za shule wakiwa na meno ya utoto na ambao sasa walimletea watoto wao wenyewe. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, miwani kwenye ncha ya pua na utepe wa kupimia shingoni kuanzia asubuhi mpaka giza linapoingia. Cherehani yake aliiweka dirishani, chumba cha mbele, na si kwa ajili ya mwanga tu. Nyumba yake ilikaa pale barabara inapopinda. Aliyetokea juu alimwona, aliyetokea chini alimwona, na aliyesimama katikati, Fundi alitaka kujua kasimama kwa nini.

Hakuzaliwa na shaka hizo. Alifundishwa na mumewe, aliyekuwa msoma mita za maji. Bwana yule aliingia uani kwa kila mtu kwa kazi yake, na akawa anarudi nyumbani akiwa amechelewa, akisema mita za upande wa mbali zina matatizo. Siku moja Fundi alipeleka gauni la mteja Barabara ya Pili, akabisha, na aliyemfungulia mlango alikuwa mumewe, amevaa fulana na kandambili, mkononi kashika mtoto. Nyumba za mtaa ule zilijengwa kwa ramani moja, kwa hiyo bwana hakuhitaji hata kujifunza swichi ya taa iko wapi. Fundi mwenyewe ndiye aliyeutoa mzaha huo, miaka mingi baadaye, alipoweza kucheka. Lakini tangu siku ile neno la mtu alilipokea kama anavyopokea nguo iliyoshonwa na mwingine: aligeuza ndani kwanza, akaangalia mshono.

Mtaa wenyewe ulikuwa wa kupangwa. Haukuota wenyewe nyumba moja baada ya nyingine kama mitaa ya jirani. Ulichorwa kwanza kwenye karatasi na watu waliokuwa hawajaukanyaga, halafu ndipo zikaja mashine. Barabara zake zilikuwa tisa, zimejipanga kama vidole vinavyoelekea kwenye kiganja, na kwenye kiganja waliweka shule, zahanati, soko na kiwanja cha mpira. Nyumba zilikuwa za aina tatu. Zile kubwa, zenye uwanja mbele na mbele ya uwanja ukuta mfupi, walipewa wakubwa wa maofisi. Za kati walipewa makarani na mafundi. Zile ndogo, zilizopakana ukuta kwa ukuta, walipewa waliobaki. Nyuma ya kila mstari wa nyumba paliachwa njia ya miguu, ili mtoto atoke kwao mpaka shuleni bila kuvuka barabara ya magari. Ilikuwa fikira nzuri. Siku hizi njia nyingi zilikuwa zimezibwa, huyu kajenga banda la kuku, yule kasogeza ukuta usiku akidhani hakuna aliyeona. Fundi aliona.

Barabara zote tisa zilinyooka kama rula, isipokuwa ya Tano. Hiyo ilitoka sokoni vizuri, ikafika katikati, ikapinda kama kiwiko cha mkono, halafu ikajirudi na kuendelea na safari yake kana kwamba hakukutokea kitu. Watu walipaita Kona ya Mlevi. Walisema mchoraji wa ramani alikuwa ametoka kunywa siku ile, kalamu ikateleza, na wakubwa wakaona haya kumfutia. Mgeni akija mtaani aliambiwa kisa hicho kabla hata ya kuonyeshwa duka. Nyumba ya Fundi ndiyo iliyokaa kwenye kiwiko, na kwa ajili hiyo kiwanja chake kilikuwa kipana kuliko vya wenzake. Ilikuwa nyumba ya kati. Ilitoka kwa baba yake, marehemu, ambaye aliendesha katapila lililosafisha eneo zima wakati mtaa unajengwa, na watu wote walimjua kwa jina hilo hilo, Katapila. Fundi alikua akiambiwa na baba yake kwamba kabla ya mtaa hapakuwa na kitu hapo, msitu mtupu, na kwamba yeye ndiye aliyeufyeka. Aliliona kama jambo la kujivunia.

Sasa, mwanamke mmoja asiyejulikana mtaani alianza kuonekana msimu wa mvua. Alikuwa na mwavuli mweusi, na Fundi hakumtilia maanani, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Mvua zilipokatika, mwavuli ukaendelea kuja. Ndipo Fundi alipoinua mguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza.

Alikuja mchana, mara moja kwa wiki hivi, amevaa vizuri bila makuu, viatu vya kutembelea. Alitokea upande wa zahanati, akasimama kwenye kona, akatazama nyuma alikotoka, akatazama mbele, kisha akaitazama nyumba ya Fundi kwa muda ambao mtu mwenye adabu haitazami nyumba ya mwenzake. Siku nyingine aliinama karibu na mtaro, akachota udongo kidogo, akausugua kwa vidole, akautupa. Hakubisha hodi kwa mtu. Akiulizwa kama anamtafuta mtu, alisema hapana, ahsante, anapita tu.

Jirani wa kushoto alikuwa mstaafu wa forodha, na mtaani waliendelea kumwita Forodha ingawa ushuru wa mwisho aliutoza zamani. Mzee huyo aliamini kwamba kila binadamu ana mzigo wa pili chini ya ule anaouonyesha. Alikuja barazani kwa Fundi, akakaa kwenye kigoda, akaeleza anavyoliona jambo. Alikumbusha jinsi kiwanja cha mpira kilivyotaka kuuzwa miaka michache nyuma: kwanza walikuja watu wapole, wakatazama tu, wakasema wanapita tu, na siku moja wananchi wakaamka wakakuta vigingi. Matapeli wa viwanja hawatumi tena vijana wenye mabavu, alisema, wanatuma mama mtu mzima mwenye mwavuli. Akamshauri Fundi aangalie hati ya nyumba kama bado ipo mahali pake.

Fundi alimwambia ipo. Mzee alipoondoka, akaenda kuangalia.

Wiki iliyofuata mwenye mwavuli alipofika, Fundi alikuwa amejitayarisha. Alimwacha atazame, achote udongo wake, ageuke. Kisha akavua utepe shingoni, akamwambia mama yake mzazi, aliyekuwa anaishi naye chumba cha uani, kwamba anakwenda kununua vifungo. Mama yake alimuuliza vifungo gani na vipo debe zima. Fundi alikuwa ameshatoka.

Alimfuata kwa njia za nyuma, zile ambazo hazijazibwa. Alizijua kama pindo la sketi: apitie nyuma ya Barabara ya Sita, akate penye bomba la zamani, atokee ubavuni mwa zahanati. Alimkuta mgeni amesimama mbele ya ukuta wa zahanati, amekunja mwavuli, anaongea na nafsi yake huku akinyoosha kidole hewani, mara kulia, mara mbele, kama mtu anayepanga viti kwenye ukumbi mtupu. Halafu akaingia dukani kando ya soko, akanywa soda, akakaa. Fundi alijibanza nyuma ya magunia ya mkaa mpaka yule mama alipoondoka, ndipo akaingia kumuuliza mwenye duka.

Mwenye duka hakuona kitu cha kuficha. Yule mama alikuwa ametaka kujua ile nyumba ya kwenye kona ilijengwa lini. Na anayeishi pale ni nani. Na kama amepanga au ni kwake.

Fundi aliondoka bila kuaga. Alirudi nyumbani amesahau kununua hata hivyo vifungo vya kusingizia.

Kilichofuata hakukipenda alipokikumbuka baadaye, lakini wakati ule alikiona ni haki. Alipanga na Forodha, na Forodha akapanga na walinzi wa kamati ya mtaa. Mgeni alipotokea tena kwenye kona, mlinzi alimwendea akamwambia anahitajika ofisini mara moja. Ofisi ya kamati ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, meza, benchi na feni isiyozunguka. Walimkalisha kwenye benchi, wakauweka mwavuli wake juu ya meza kama kidhibiti. Watu wakajazana mlangoni. Yule mama hakupiga kelele. Alikaa wima, mkoba mapajani, akamsubiri anayetaka kuuliza aulize.

Forodha ndiye aliyeuliza, kwa sauti yake ya bandarini.

"Nani amekutuma?"

"Mama yangu."

"Mama yako ni nani hapa?"

"Hapa amezaliwa," yule mama akasema. Akamgeukia Fundi, kwa kuwa aliona kwamba huyu ndiye hasa mwenye kesi. "Nyumba aliyozaliwa ilikuwa pale pale unapoweka cherehani yako, dada. Au karibu na hapo. Ndiyo ninachotafuta. Mama hawezi kutembea, na anataka kupaona kabla hajafa. Siwezi kumbeba mpaka hapa halafu nimwonyeshe mahali si penyewe."

Fundi akamwambia pale palikuwa msitu, na kwamba baba yake ndiye aliyeufyeka, mtaa mzima unajua.

"Baba yako ndiye aliyekuwa na katapila?"

"Ndiye."

"Basi unajua kwa nini barabara inapinda."

Fundi akasema mchoraji alikuwa amelewa. Alisikia mwenyewe jinsi neno lilivyotoka jepesi, na mtu mmoja mlangoni akacheka kwa mazoea.

Mwenye mwavuli hakucheka. "Hapakuwa na mlevi," alisema. "Palikuwa na bibi yangu. Alikataa kuhama."

Halafu, kwa kuwa hakuna aliyemkatiza, alieleza. Kabla ya mtaa palikuwa na watu pale, si wengi, nyumba za udongo na mashamba madogo, na walihamishwa ng'ambo ya mto wakapewa kifuta jasho. Bibi yake hakupokea. Walipofika kwake na mashine alikuwa amekaa kizingitini, na baada ya mabishano wakaizungusha barabara, wakamwacha na nyumba yake katikati ya mtaa mpya, ukuta wa udongo kati ya kuta za tofali. Aliishi hivyo miaka kadhaa. Mama wa huyu mwenye mwavuli wakati huo alikuwa ameolewa mbali. Habari za kifo ziliwafikia wakiwa wamechelewa, na walipokuja walikuta msingi wa nyumba nyingine.

Mlinzi alimrudishia mwavuli wake akamwomba radhi. Forodha hakuomba. Njiani kurudi alimwambia Fundi kwamba kisa ni kizuri mno, na kwamba yeye kazini kwake aliogopa zaidi wenye visa vizuri kuliko wenye mikoba mizito. Fundi alikubaliana naye mpaka walipoagana. Alipobaki peke yake, kitu kimoja hakikumwachia: yule mama hakuuliza hati, hakutaja haki, hakutaja fidia. Alichouliza ni kama anajua kwa nini barabara inapinda.

Mama yake alikuwa amekaa uani juu ya ngazi ya saruji, redio pembeni, akitenganisha vipande vya vitambaa vya kutengenezea mito. Alikuwa mkongwe, lakini kichwa chake hakikuwa na kutu. Fundi hakuzungusha maneno.

"Mama, hapa palikuwa na nyumba ya mtu?"

Bibi kizee alizima redio. Hakuuliza nani kakwambia, na hilo peke yake likamtosha Fundi kuwa jibu.

Mama yake alisimulia bila haraka, mikono ikiendelea na vitambaa. Ndiyo, palikuwa na mtu. Bibi mfupi, mkali, ana sauti kama ya mwalimu. Siku mashine ilipofika alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage, na hakuinuka. Mkubwa wa ujenzi akamwambia Katapila asogeze mashine mbele. Katapila akaizima, akashuka, akasema inaumwa. Kesho yake wakamwambia tena, akasema bado inaumwa. Mafundi wa mashine walikuja wakaifungua wakaifunga, hawakuona ugonjwa. Wakati huo siku ya ufunguzi wa mtaa imekaribia na mgeni rasmi ameshaalikwa. Wakubwa wakaona heri barabara ipinde kuliko mgeni rasmi akute kifusi na kizee analia mbele ya kamera. Kisa cha mlevi walikitunga wenyewe, ili wasiulizwe.

Fundi alijawa na fahari. Alimwona baba yake juu ya mashine, kijana, amekunja mikono. Angeweza kuishia hapo, akaenda kulala amefurahi. Lakini hakuwa mtu wa kuvaa nguo bila kuigeuza.

"Na hii nyumba tuliipataje?"

Mama yake alichagua kitambaa, akakikunja, akakiweka kando.

"Bibi alikufa."

"Najua alikufa. Baba aliomba kiwanja lini?"

Mama yake alinyoosha mkono akachukua kitambaa kingine. Kwa jirani mtu alikuwa anapiga deki, maji yakisukumwa kwa ufagio.

"Aliomba bibi akiwa hai," mama yake alisema. "Tulikuwa tunaishi kwenye zile nyumba ndogo, wewe hulali kwa kikohozi, ukuta una maji. Akaenda ofisini akasema, ikitokea pale kwenye kona pamekuwa wazi, wanifikirie mimi."

"Na bibi mwenyewe, walikuwa wanaonana?"

"Kila jioni akitoka kazini. Alimchotea maji. Alimwezekea paa lilipovuja."

Fundi aliketi chini kwenye saruji, mbele ya mama yake, kama alivyokuwa akikaa zamani kusukwa nywele.

"Alikuwa anamhurumia, mama, au alikuwa anaisubiri nyumba?"

"Alikuwa anamchotea maji. Na alikuwa ameomba kiwanja. Unataka nikuchagulie?"

Alipokufa yule bibi, mama yake akaongeza, Katapila aliivunja ile nyumba kwa mkono wake mwenyewe. Walitaka kumtuma dereva mwingine, akakataa, akasema ataivunja yeye. Alipomaliza hakula siku hiyo. Lakini kesho yake alikula.

Siku zile Fundi alishona vibaya. Aliunga mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, akafumua, akaunga tena vile vile. Miaka mingi alikuwa amewatilia shaka walio hai, na kwa mumewe alikuwa na sababu. Baba yake alimweka kando, mahali safi, kama kitambaa cha bei ambacho mtu hakikati. Sasa kila alichokikumbuka alikikuta kina upande wa pili. Baba akija na kiazi kitamu mfukoni akamwambia kimetoka kwa bibi mmoja. Bibi gani? Baba akipita kwenye kona na yeye mabegani, akipunguza mwendo. Alikuwa anasalimia, au alikuwa anapima?

Mwishoni alifanya jambo ambalo Forodha alilipinga mpaka akataka kuvunja ujirani. Alimwachia ujumbe mwenye duka, kwamba mama mwenye mwavuli akija aambiwe amlete mama yake. Apite moja kwa moja, asisimame barabarani.

Walikuja kwa gari la kukodi, Jumamosi mchana. Mgeni alimshika mama yake upande mmoja, Fundi akamshika upande wa pili, na walipomshusha Fundi alishangaa wepesi wake. Alikuwa bibi mfupi. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akatazama nyumba ya Forodha, ambaye alikuwa amesimama getini kwake kama amezuia mzigo. Bibi akamnyooshea kidole.

"Ni kule," akasema.

Forodha alirudi ndani akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa Fundi alikaribia kucheka.

Lakini mama yake Fundi alikuwa ametokea barazani, amejifunga khanga safi, ameshikilia fremu ya mlango. Akasema si kule, ni hapa. Kule palikuwa na banda la mbuzi. Nyumba ilikuwa hapa, na jiko upande ule wa dirisha. Wakongwe wawili wakatazamana. Yule mgeni akamuuliza amejuaje.

"Nilikuwa naazima moto kwa mama yako."

Waliketishwa chumba cha mbele, bibi mgeni kwenye kiti cha wateja, karibu na cherehani. Fundi alileta chai. Mwanzoni yalikuwa maswali ya kawaida, safari, miguu, umri wa wajukuu. Bibi mgeni aliitazama sakafu zaidi kuliko watu. Halafu akauliza, kwa sauti ya kuuliza kitu kimewekwa wapi, nani alimzika mama yake.

"Mimi na mume wangu," mama yake Fundi akasema. "Na wenzake wa kazini. Tulimpeleka makaburi ya mji. Naweza kukuelekeza mstari."

"Kwa nini hamkuniita?"

"Tulisema tutakuita."

"Na hamkuita."

"Hatukuita."

Mwenye mwavuli aliweka kikombe chini. Fundi alitazama mikono yake mwenyewe. Alisubiri mama yake aongeze kitu, kwamba hapakuwa na simu, kwamba hawakujua anakoishi, neno lolote la kufunika. Mama yake hakuongeza.

Bibi mgeni alimaliza chai yake. Kisha akaomba waachwe wawili. Fundi na mwenye mwavuli walitoka uani, wakasimama mmoja huku mmoja kule. Fundi, kwa tabia yake, alisogea taratibu mpaka karibu na mlango akatega sikio. Alitegemea kilio, au laana. Alichosikia ni wale wawili wakilinganisha magoti, lipi linauma asubuhi na lipi linauma jioni, na dawa ipi haifai kitu. Hata hilo akalitilia shaka. Alijiuliza wanaficha nini chini yake. Alipogeuka, mwenye mwavuli alikuwa anamtazama.

"Wanaongea nini?" akamuuliza Fundi.

"Magoti."

"Mh," akasema yule, akasogea naye kusikiliza.

Kabla hawajaondoka, Fundi alimvuta pembeni, kwa kuwa asingeweza kulala bila kuuliza.

"Niambie kweli. Mnaitaka nyumba?"

Mwenye mwavuli alikung'uta mwavuli wake. "Mama hataki kitu. Kaka yangu anaitaka, ameshaanza kusema. Mimi sijui."

"Hujui?"

"Sijui, dada. Ningekwambia sitaki ungeniamini?"

Fundi akasema asingemwamini.

Kaka mtu alikuja kweli, miezi michache baadaye, na rafiki yake mwenye kupiga picha. Alikuwa bwana mnene, mwepesi wa salamu. Alizunguka uani akasifu upana wa kiwanja. Forodha alitoka akasimama ukutani mikono kiunoni, na safari hii Fundi alishukuru kuwa naye. Malalamiko yakapelekwa ofisi ya ardhi, yakazunguka huko mlango hadi mlango. Wakasema eneo lote lilikwishatwaliwa kihalali siku zile, na kwamba bibi kukataa kifuta jasho hakukubadili lolote. Kaka akasema atakwenda mbele zaidi. Huenda alikwenda, huenda alichoka. Hakuna aliyerudi mtaani na kigingi. Fundi aliposikia uamuzi hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Ofisi ile ile ndiyo iliyomsikiliza baba yake aliposema, ikitokea pamekuwa wazi.

Bibi mgeni alifariki mwaka uliofuata. Binti yake alikuja mwenyewe kuleta habari, na safari hii walikuwa wameitwa mapema, kabla ya mazishi, mama yake Fundi akapelekwa kwa gari akakaa mstari wa mbele pamoja na ndugu. Kisa cha mlevi bado kinasimuliwa kwa wageni, kwa sababu kinachekesha. Fundi akikisikia husema si kweli, na akiulizwa kweli ni ipi, husema barabara ilikwepa nyumba ya mtu. Zaidi ya hapo hasemi, maana zaidi ya hapo hajui asemeje kuhusu baba yake. Picha ya baba bado ipo ukutani. Kuna siku huipangusa vumbi, na kuna siku huipita.

Mwenye mwavuli anaendelea kuja. Amekuwa mteja, Fundi humshonea yeye na binti zake. Wanakunywa chai, wanaulizana afya, wanacheka habari za Forodha. Mgeni akiomba kwenda msalani, ambako ni lazima apite vyumba vyote vya ndani, Fundi huinua mguu kwenye pedali, akasikiliza viatu vyake vinapita wapi na vinasimama wapi. Na yule akirudi, kabla ya kulipa, huichukua nguo yake, akaigeuza ndani, akaangalia mshono.